Vitabu vya Ufipa Viko Wapi?

Mwaka 1913, kwenye mtambo wa uchapaji wa Wamisionari wa Afrika huko Algeria, kilichapwa kitabu kiitwacho Aux rives du Tanganika. Mwandishi wake, Adolphe Lechaptois, alikuwa askofu Mfaransa mwenye makao Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Alieleza maisha ya Wafipa na majirani zao kwa Kifaransa, kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya. Miaka 36 baadaye, mwaka 1949, mmisionari mwingine, J. M. Robert, alitoa kitabu kuhusu imani na mila za Wafipa. Safari hii mtambo ulikuwa hapa Tanzania, Tabora, lakini lugha ilibaki Kifaransa.

Kisha kikaja Kiingereza. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliishi Ufipa kwa vipindi kati ya 1962 na 1966, na matunda yake yakatoka moja baada ya jingine: Man and Beast mwaka 1974, There Was a Certain Man mwaka 1978, A State in the Making mwaka 1981. Mwaka 1995 Mtanzania Bertram Mapunda alikamilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, kuhusu historia ya ufuaji chuma kusini-magharibi mwa Tanzania. Mwaka 2006 Kathleen Smythe, kutoka Marekani, akachapisha Fipa Families, kitabu kuhusu familia na Ukatoliki katika Nkansi, sehemu ya Ufipa.

Ufipa basi haikusahauliwa na kalamu. Nyanda hizi za juu zilizoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa zimeandikwa sana, na kwa uangalifu mkubwa. Ila ukiitandaza ramani na kuweka alama kila mahali vilipochapwa vitabu hivyo, alama zitaangukia Algeria, Tabora, London, Oxford na Marekani. Mwanafunzi wa shule ya Kantalamba au mkulima wa Laela, huko huko Ufipa, anayetaka kusoma habari za babu zake huna budi kumwonea huruma: safari ni ndefu, na akifika anakuta lugha ambayo bibi yake aliyesimulia hayo yote hakuwahi kuisema.

Hapa ndipo maktaba ya umma inapoingia. Katika miji mikubwa maktaba zimezoea kumwalika mwandishi akae mbele ya watu, asome kidogo, aulizwe maswali, akosolewe na wale wanaokijua alichokiandika. Ufipa ina sababu ya pekee ya kuutaka mkutano wa namna hiyo, kwa kuwa waandishi wake wengi waliondoka na maneno ya watu, na watu hawakupata nafasi ya kuyasikia yakisomwa tena.

Si kwamba mikusanyiko ya kusikiliza neno ni jambo geni huko. Muda mrefu kabla ya karatasi, mtoto wa Kifipa alilelewa kwa masimulizi. Smythe ameonyesha nafasi kubwa ya babu na bibi katika malezi: watoto walitoka mapema kulala kwa wazazi wao wakahamia kwa wakongwe, na huko ndiko walikopata adabu, mithali na hadithi. Usiku ulikuwa na ratiba yake. Msimulizi alikuwa na sauti yake, wasikilizaji nao walikuwa na kazi ya kuitikia, na hadithi isiyoitikiwa ilikufa mdomoni.

Kubwa kuliko zote ni hadithi ya Milansi. Inaanza na Ntatakwa, mtu wa kwanza, na kijiji cha Milansi chini ya mlima Itweelele, kiti cha watawala wa kale wa nchi. Siku moja mtawala yuko mawindoni. Wanawake watatu wageni wanawasili kutoka mbali, watu wa ukoo wa Twa, na mkubwa wao anakikalia kiti cha enzi. Mwenyeji anarudi na windo lake, anakuta kiti kina mtu. Msikilizaji anatazamia damu. Damu haimwagiki. Wanazungumza, wanaafikiana: Watwa watatawala nchi, Milansi itabaki na heshima ya utangulizi na mamlaka ya mambo ya mizimu. Kutoka kwa Watwa zikatokea tawala mbili zilizoigawana Ufipa hadi zama za ukoloni, Nkansi na Lyangalile.

Hadithi hiyo ina mengi ya kujadiliwa na watu wazima waliokaa kitako. Kwa nini wageni ni wanawake? Kwa nini mwenyeji alikubali? Willis aliyauliza maswali hayo katika makala ya mwaka 1967 iliyochapwa kwenye jarida la Man huko Uingereza, akiwalinganisha Milansi na Watwa na kichwa na kiuno cha mwili mmoja, na akatumia hoja hiyo kujibizana na Claude Lévi-Strauss wa Ufaransa. Hivyo mazungumzo ya wazee wa Ufipa yakawa hoja mezani kwa wanazuoni wa Ulaya. Ni heshima kubwa. Lakini wenye hadithi wenyewe walistahili kiti kwenye baraza hilo, kwani wao ndio wangeweza kusema wapi Mwingereza yule alipatia na wapi alipotea njia.

Kitabu chake cha 1978 kinagusa zaidi jambo hili. Ni mkusanyo wa sanaa ya usemi ya Wafipa, uliochapwa Oxford katika mfululizo wa vitabu vya fasihi za Afrika. Ndani yake msimulizi wa kijijini anatendewa kama msanii: maneno yake yananukuliwa, namna yake ya kusimulia inachambuliwa. Huyo ndiye mwandishi ambaye maktaba yoyote ya Ufipa ingemwalika kwanza. Hana karatasi, ila ana kazi iliyokamilika kichwani, na wajukuu wa wale waliomkalia mekoni bado wapo.

Mwandishi mwingine wa maeneo haya, aliyeacha maisha yake mwenyewe kwenye karatasi, hakuzaliwa Ufipa. Adrien Atiman alitoka upande wa Timbuktu, katika Mali ya leo. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria. Wakampeleka Malta kusomea tiba. Mwaka 1889 akafika Karema, akiwa kijana mwenye sanduku la dawa na kazi mbili: katekista na tabibu. Hakuondoka tena. Alioa binti wa chifu wa Wabende, mwanawe akawa padri, na kwa zaidi ya miaka 60 wagonjwa wa mwambao walimwendea yeye. Habari za maisha yake alizozisimulia mwenyewe zilichapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki mwaka 1956.

Karema leo iko mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini historia ya Ufipa haiwezi kuelezwa bila mji huo. Hapo Wabelgiji wa Mfalme Leopold walijenga ngome mwaka 1879, wakawaachia wamisionari mwaka 1885. Kutoka hapo shule, katekisimu na kusoma vilipanda mlima kuelekea bara. Wakati Wajerumani walipotawala wilaya kutoka Bismarckburg, yaani Kasanga ya sasa, wenye vitabu walikuwa misheni. Mtu alijifunza herufi ili abatizwe, na kitabu alichokijua kilisomwa kwa sauti, wengi wakikifuata kwa pamoja. Tabia hiyo ya kusoma kwa kundi haikufa ilipokuja serikali nyingine.

Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilileta maktaba ya aina yake. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948, ilituma masanduku ya vitabu wilayani na kuwaazimisha wasomaji kwa posta. Kwa mwalimu au karani wa Ufipa, maktaba ilikuwa kifurushi. Kilifika, kikasomwa, kikarudishwa. Vitabu vilikwenda na kurudi bila wasomaji kukutanishwa.

Baada ya uhuru mambo yalienda kasi. Sheria ya kuanzisha bodi ya maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na kazi ikaanza mwaka 1964 kwa kuirithi huduma ile ya Nairobi. Desemba 9, 1967, siku ya kumbukumbu ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Sensa ya mwaka huohuo ilionyesha kuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Jengo zuri la vitabu katika nchi ya namna hiyo lilikuwa ahadi, na ahadi hiyo ilipaswa kutimizwa vijijini.

Ndipo yakaja madarasa ya ngumbaru. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kina mama walitoka shambani mchana, wakafunga kanga vizuri, wakaenda kukaa kwenye madawati ya watoto wao. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na inafaa kuitazama kwa karibu, kwa sababu hakuna jambo lililowahi kufanana zaidi na programu ya maktaba katika vijiji vya Tanzania. Kikundi kinakaa darasani au chini ya mti. Redio moja iko katikati. Kiongozi ana kitabu cha kampeni mkononi. Muda unafika, kipindi kinasikilizwa kimya. Kinapokwisha, kiongozi anafungua kitabu na kusoma sura ya wiki hiyo. Halafu watu wanazungumza. Maji tunayachota wapi? Nani hana choo? Mazalia ya mbu yako wapi? Kikao hakimaliziki mpaka waamue la kufanya. Watu kama milioni 2 walishiriki nchini kote, na mwaka 1975 mtindo huohuo ukarudi kwa Chakula ni Uhai.

Kila tarafa na kata ilipata lugha mpya ya mambo haya: kisomo, maktaba ya kijiji. Maktaba ya kijiji mara nyingi ilikuwa kabati shuleni au ofisini, na vitabu vyake vilihusu kilimo, afya, siasa na hadithi fupi. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Kisha hali ya uchumi ikabana, vitabu vikachakaa bila kubadilishwa, makabati yakafungwa. Hasara kubwa zaidi ilikuwa kile kikao. Watu waliacha kukutana kwa ajili ya kitabu.

Katikati ya miaka hiyo kulitokea jambo ambalo wapenzi wa utamaduni hawalisemi vya kutosha. Mwaka 1975 Bunge lilipitisha sheria mpya ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Sheria hiyo haikuiachia Bodi kazi ya kupanga vitabu rafuni tu. Iliipa wajibu wa kushiriki kampeni za kusoma na kuandika, wa kuamsha hamu ya watu kwa maandiko ya Tanzania, na wa kukuza fasihi ya wenyeji, hasa ile inayohusu utamaduni wa jadi. Kwa maneno mengine, bibi anayesimulia hadithi ya Milansi yumo ndani ya sheria. Mkutubi anayemwalika mzee kusimulia mbele ya wasomaji anatekeleza kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Sumbawanga, makao makuu ya mkoa tangu Rukwa ilipoundwa mwaka 1974, ina maktaba ya mkoa chini ya Bodi hiyo. Mji huu ulio juu kiasi cha mita 1,800, wenye upepo na baridi ya kuvalia sweta mwezi Juni, unahudumia mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 1.5. Jina lake lenyewe, kwa maelezo ya wenyeji, ni agizo: tupa uchawi. Wageni hulitaja jina hilo kwa mizaha ya radi na waganga, na mizaha hiyo imeufunika urithi mwingine wote. Mtu anaweza kuishi Dar es Salaam miaka 30 akijua vichekesho kumi vya Sumbawanga na asijue hata jambo moja kuhusu chuma cha Ufipa.

Na chuma hicho ni habari nzito. Kwenye nyanda hizi bado zimesimama tanuri za udongo ziitwazo malungu. Ilungu moja laweza kufikia kimo cha mita 3, kubwa kuliko mtu aliyeinua mikono. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa udongo huo unastahimili moto. Chini kulitobolewa matundu, yakatiwa mirija ya udongo ya kupitishia hewa, na ndani kukapangwa mkaa na mawe ya chuma kwa zamu. Jambo linalowashangaza wataalamu ni kwamba ilungu halikuhitaji mivukuto: kimo chake chenyewe kilivuta hewa, na moto ukawaka siku kadhaa. Kilichotoka kilikuwa bado na mavi ya chuma mengi, kwa hiyo kilihamishiwa kwenye tanuri ndogo, kintengwe, ambako sasa mivukuto ilitumika mpaka chuma kikatakata na kumfaa mhunzi wa majembe.

Ilungu jipya lilitendewa kama bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, na fundi mkuu alikuwa na kapu lake la dawa, intangala, ambalo bila hilo hakuna aliyethubutu kuwasha moto. Mwaka 1937 R. C. Greig aliandika kuhusu ufuaji huo katika Tanganyika Notes and Records, wakati mafundi wenyewe walikuwa hai. Majembe ya viwandani kutoka nje yalikwisha kuwaharibia soko, na kazi ikafifia katika miongo ya ukoloni. Mapunda alipofika miaka ya 1990 alisoma historia hiyo kwenye mabaki: vigae, mavi ya chuma, kuta zilizopasuka. Hebu mtu afikirie jioni moja maktabani Sumbawanga ambapo tasnifu hiyo imefunguliwa mezani na mzee kutoka wilaya ya Nkasi anaketi kando yake akieleza alichokisikia kwa baba yake juu ya intangala. Kurasa zingepata sauti, na sauti ingepata kumbukumbu ya kudumu.

Nairobi imeshaonyesha kuwa jengo la maktaba linaweza kubadilishwa roho. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, na Waafrika hawakuruhusiwa mpaka 1958. Mwaka 2018 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka, lilikubaliana na serikali ya kaunti kuzikarabati maktaba hiyo na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Pamoja na kupaka rangi na kutengeneza paa, walifungua milango kwa waandishi, watoto, wanamuziki na wazee wa mitaa. Kaloleni ni mtaa wa watu wa kawaida, na mafanikio yake hapo yana somo kwa Sumbawanga kuliko jengo lolote la kifahari.

Tanzania nayo haijalala. Jijini Dar es Salaam mkahawa wa vitabu wa Soma umekuwa baraza la waandishi na wasomaji. Tangu 2023 Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu hutolewa Aprili, karibu na siku aliyozaliwa Mwalimu, na washindi hupata heshima ambayo waandishi wa Kiswahili waliingoja kwa muda mrefu. Hata hivyo mwandishi akishashinda, mazungumzo yake mengi hufanyika mjini kule kule. Kisingizio cha umbali kilikuwa na nguvu zamani, basi lilipolala njiani kwa tope la masika. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilitiwa lami mwanzoni mwa muongo wa 2010. Mshindi wa tuzo anaweza kupanda basi kama abiria wengine na kufika akiwa na vumbi kidogo.

Kinachohitajika kuanza ni kidogo. Rafu moja katika maktaba ya Sumbawanga iandikwe Ufipa. Iwekwe Lechaptois, Robert, Willis, Greig, Atiman, Smythe na Mapunda, kwa nakala halisi au zilizochapwa upya kwa ruhusa. Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa tafsiri wanaotafuta kazi za kumalizia shahada. Wapewe sura za vitabu hivyo wazilete kwa Kiswahili. Kila sura inayokamilika isomwe kwa sauti maktabani, mbele ya watu wa Milansi, Namanyere, Mpui na Chala, na yatakayosahihishwa na wazee yarekodiwe na kuhifadhiwa kwenye rafu hiyohiyo, majina ya wasimulizi yakiwa juu ya jalada.

Nawe msomaji wa Rukwa mwenye bibi au babu anayekumbuka, usingoje mwaliko wa maktaba. Simu yako inarekodi. Kaa naye jioni hii, mwulize juu ya Milansi, na kesho yake peleka sauti hiyo kwa mkutubi.